Kelele ya APD kwenye LTspice: rezista moja ya pembeni

Nilipounda kipokezi cha leza cha kupimia umbali, hapa karakanani kwangu Luthuli Avenue, Nairobi, LTspice, programu ya kuigiza saketi, ilinionyesha kwamba APD, dayodi ya mwanga inayozidisha mkondo wake yenyewe, itatoa kelele ya 0.4 pA/√Hz tu. Amplifaya yenyewe ilikuwa na 2. Nikaunganisha saketi, nikawasha oskiloskopu, na mstari ukatokea mnene kama kamba ya katani: kelele yote ilikuwa mara nne ya niliyoitarajia. Nilibadilisha amplifaya mara mbili bure. Saketi ilikuwa sawa. Modeli ndiyo iliyokuwa na kosa.

Nilikuwa nimechukua mkondo uliokwisha kuzidishwa, 500 nA, nikaupa kelele ya dayodi ya kawaida. Sivyo APD inavyofanya kazi. Elektroni moja ikiingia huzaa sitini, nyingine mia moja na hamsini, na huko kutolingana ni kelele juu ya kelele. Mtafiti McIntyre aliipatia kelele hiyo hesabu mwaka 1966:

F = kM + (1 − k)(2 − 1/M)

F ni kipimo cha kelele hiyo ya ziada. M ni uzidishaji. Nayo k ni uwiano wa jinsi matundu (nafasi zilizoachwa na elektroni) na elektroni zinavyozalisha wenzao. Kwa silikoni weka 0.02. InGaAs, semikondakta nyingine, hukaribia 0.45, nayo ni tabu zaidi.

Anza na mkondo wa kabla ya kuzidishwa. Mwanga wangu ni nanowati 10, na dayodi hutoa 0.5 A/W, kwa hiyo 5 nA. Kwa M = 100, F ni 3.95. Zidisha 5 nA kwa M² kisha kwa F: unapata 197.5 µA. Huu si mkondo unaopita popote. Ni mkondo wa kukokotolea kelele tu, na ukiuweka kwenye 2qI (q ni chaji ya elektroni) kisha ukatafuta kipeuo cha pili, utapata karibu 8 pA/√Hz. Mkondo wa giza, ule unaokuwepo hata bila mwanga, unaopita ndani ya dayodi ujumlishe na zile 5 nA. Ule unaovuja juujuu hauzidishwi, usiutie hapo.

Sasa rezista. LTspice huipa kila rezista kelele ya joto bila kuombwa. Tafuta rezista ambayo kelele yake inalingana na ile ya APD: gawanya 51.7 mV (mara mbili ya volti ya joto, kwa joto la kawaida la LTspice) kwa 197.5 µA: ohmu 262. Iweke peke yake, mguu mmoja kwenye ardhi, mbali na saketi. Kisha tumia chanzo cha G, yaani chanzo cha mkondo kinachoongozwa na volti, kisome volti yake na kuingiza mkondo kwenye ingizo la amplifaya, kwa kipimo cha 1/262. Usiiunganishe moja kwa moja, itayala mawimbi yako yote, yaani ishara unayoipima. Endesha .noise, amri ya LTspice ya kukokotoa kelele.

Ukishapata hilo, badilisha M, ukikokotoa F na rezista upya kila mara. Kwangu mahali pazuri palikuwa karibu na 60. Nilipojaribu 200, kelele ikilinganishwa na mawimbi ilipanda kwa robo nzima, na mimi nilikuwa nimezoea kuongeza volti nikidhani ninasaidia. Mwanga ukiwa hafifu zaidi, M bora hupanda, kwa hiyo fanya hesabu kwa mwanga wako mwenyewe.

Jaribu pia M mbili tofauti kwa volti ileile. Asubuhi ya Julai karakana hii ni baridi, na saa nane mchana bati limeshapata moto. Volti ya kuvunjika ya APD ya silikoni, ile ambayo uzidishaji hupanda bila kikomo ikifikiwa, hupanda na joto, kwa baadhi ya aina karibu volti moja kwa kila digrii. Bila kurekebisha volti, M ya asubuhi ni kubwa kuliko ya mchana, na rezista yako ya ohmu 262 ni ya saa moja tu ya siku.