Namna ya kutazama Star Trek: The Next Generation bila kukwama msimu wa kwanza

Tamthilia hii ya runinga, kuhusu wafanyakazi wa chombo cha anga za juu kiitwacho Enterprise, ilirushwa nchini Marekani kuanzia Septemba 1987 hadi Mei 1994: misimu 7, episodi 178 za takriban dakika 45 kila moja. Ukiifuata kwa mpangilio tangu mwanzo, ni rahisi kuchoka kabla ya episodi ya kumi, na hapo utaikosa kazi bora iliyoko mbele. Udhaifu wake una sababu zinazojulikana, kwa hiyo unaweza kuukwepa.

Fuata majina ya episodi, usifuate namba. "Encounter at Farpoint", ya ufunguzi, ina urefu wa episodi mbili. Orodha nyingine huihesabu moja, nyingine mbili, na namba zote za msimu huo husogea.

Msimu wa 1 uliandikwa na timu ambayo watu wake walikuwa wakiingia na kutoka. Itazame "Farpoint" japo inajikokota, maana episodi ya mwisho kabisa inakirudia kisa chake. Ruka "The Naked Now", iliyorudia kisa cha tamthilia ya awali ya miaka ya 1960, na "Code of Honor", inayowachora watu weusi kwa namna ya kuaibisha. Chukua "Where No One Has Gone Before", "11001001", "Heart of Glory" na "Conspiracy". "Skin of Evil" ni dhaifu, ila kuna mhusika mkuu anayeondoka humo, na bila kuliona hilo "Yesterday's Enterprise" ya msimu wa 3 itakupita.

Msimu wa 2 uliumizwa na mgomo wa waandishi wa mwaka 1988, uliodumu kuanzia Machi hadi Agosti. Episodi zikapungua kutoka 26 hadi 22. "The Child" ilifufuliwa kutoka kwenye mswada wa miaka ya 1970 wa tamthilia ambayo haikutengenezwa. "Shades of Gray" imejazwa vipande vya episodi zilizopita, iruke yote. Lakini msimu huohuo una "The Measure of a Man", kesi ya kuamua kama Data, afisa wa chombo aliye roboti, ni mtu au mali, na "Q Who", ambapo Borg, maadui walio nusu viumbe nusu mashine, wanaonekana kwa mara ya kwanza. Hizi mbili usiziache kwa vyovyote.

Kuanzia msimu wa 3 geuza utaratibu: tazama zote, ruka tu inayokuchosha. Michael Piller alishika uongozi wa waandishi na kudai kila kisa kimguse mhusika mmojawapo kwa ndani. Miswada ya watu wa nje pia ilipokewa, Ronald D. Moore aliingia hivyo, kwa "The Bonding". Hapa mpangilio una maana. Sehemu mbili za "The Best of Both Worlds" zifuatanishe na "Family" bila kuweka kitu katikati, kwa sababu "Family" inaonyesha majeraha ambayo vita na Borg katika sehemu hizo mbili vimemwachia nahodha Picard. Mkasa wa Worf, afisa wa usalama, nao unakwenda hivi: "Sins of the Father", "Reunion", kisha "Redemption".

Unapomvuta mgeni, mwanzishe na "The Measure of a Man", halafu "Darmok". Kila moja inasimama peke yake. Usimwanzishe na "The Inner Light", hata kama ilipata tuzo ya Hugo, ya kazi za sayansi ya kubuni, mwaka 1993: asiyemjua Picard ataona kisa kizuri tu, hataona alichopokonywa.

Msimu wa 7 nguvu ziligawanyika. Tamthilia dada, Deep Space Nine, ilikuwa hewani tangu Januari 1993, huku nyingine, Voyager, na filamu ya sinema zikiandaliwa. Dalili ya uchovu ni ndugu wanaozuka ghafla: mama wa Geordi, mhandisi mkuu, kaka wa Worf, na nyanya wa Dkt. Crusher, daktari wa chombo. Huyo wa mwisho ndiye chanzo cha "Sub Rosa", ambayo haifai hata kwa udadisi. Baki na "Parallels", "The Pegasus" na "Lower Decks". Kabla ya "Preemptive Strike" hakikisha umeshaona "Ensign Ro" ya msimu wa 5, la sivyo uamuzi wa afisa huyo, Ro, hautakugusa. Baada ya hapo imebaki "All Good Things..." tu, ina urefu wa episodi mbili, itengee jioni nzima.