Somo: Kupima Postgres ya tawini na kutuma vipimo makao makuu (soma kabla ya kuniandikia)

Naandika hapa ili nisiandike tena faraghani. Swali ni lile lile kila wiki: "Nawezaje kujua seva ya tawi inaumwa wapi bila kupanda matatu?" Mimi nimeketi Kisumu, seva za maduka ziko Ahero, Bondo na Busia, zote Ubuntu na PostgreSQL (Postgres, programu ya hifadhidata). Wa MySQL, tumieni mysqld_exporter, njia haibadiliki sana.

1. Sakinisha prometheus (inayokusanya na kuhifadhi vipimo) na prometheus-postgres-exporter (inayovitoa ndani ya Postgres) kwenye seva ya tawi. apt inazo.

2. Ongeza pg_stat_statements (kiendelezi kinachorekodi kila hoja na muda wake) kwenye shared_preload_libraries, uwashe hifadhidata upya, kisha CREATE EXTENSION pg_stat_statements. Ndani ya hifadhidata yako. Reload haitoshi, ni restart, kwa hivyo subiri duka lifungwe. Hii siitumi Kisumu, naisoma kwa mkono nikiwinda hoja ya SQL inayokula muda.

3. Tengeneza mtumiaji wa kupima. Hapa ndipo nilipoungua, kwa hivyo soma polepole.

Zamani nilijiona mjanja nikaandika skripti ya cron (kipanga kazi cha Linux) ya kila dakika, iliyoingia kama postgres na kuhesabu risiti zote kwa SELECT count(*). Jedwali lilipokuwa dogo, jibu lilikuja kabla hujapepesa jicho. Jedwali likanenepa, hesabu ikapita dakika moja. Sasa cron haiulizi kama yule wa dakika iliyopita ametoka. Inamwingiza mwingine, na kila anayeingia anawachelewesha waliomo. Jumapili moja, soko la Kibuye hapa Kisumu limefurika, keshia akanipigia: mashine zimegoma na foleni imefika barabarani. Nikajaribu kuingia, nami nikafukuzwa: wateja wamezidi. Postgres kwa kawaida hukubali miunganisho 100, na 3 kati yake huwekewa superuser (mtumiaji mwenye mamlaka yote, kama postgres) ili mwenye nyumba asifungiwe nje. Skripti yangu ilikuwa superuser. Viti vyangu mwenyewe ilikuwa imevikalia.

Nilitoka kwa ps, amri inayoorodhesha michakato: nilitafuta michakato iliyoandikwa "postgres duka [local] SELECT" nikaiua mmoja mmoja kwa kill ya kawaida. Usiwahi kutumia kill -9 hapo. Ukiua mchakato mmoja hivyo, Postgres inawaangusha wote na kuanza upya, na keshia anapoteza hata risiti aliyokuwa katikati yake.

Sasa nafanya hivi:

CREATE ROLE mpimaji LOGIN PASSWORD 'weka_lako' CONNECTION LIMIT 3;
GRANT pg_monitor TO mpimaji;
ALTER ROLE mpimaji SET statement_timeout = '5s';

pg_monitor ipo tangu toleo la 10 na inatosha kwa vipimo hivi. CONNECTION LIMIT haimfungi superuser, kwa hivyo usiniambie umeiweka kwa mtumiaji postgres.

4. Ipe exporter DATA_SOURCE_NAME (maelezo ya kuunganika na Postgres) yenye mpimaji. Mlango wake (port) ni 9187; ufunge kwenye 127.0.0.1.

5. Prometheus ya tawi isome 9187 kila sekunde 30. Duka la sukari na unga halihitaji sekunde 5.

6. Kutuma. Prometheus kwa asili huja kuchota, lakini matawi yangu yanatumia laini za data za simu, hayana anwani ya kufikika kutoka nje. Kwa hivyo tawi lisukume lenyewe kwa remote_write, njia ya Prometheus ya kutuma vipimo kwa Prometheus nyingine. Kisumu, washa --web.enable-remote-write-receiver na uweke nginx (seva ya wavuti) mbele, HTTPS na neno la siri. Ukiuacha mlango huo wazi, yeyote atakuandikia vipimo vya uongo.

7. Chora grafu. Mimi huanza na miunganisho iliyotumika dhidi ya max_connections, muamala uliokaa muda mrefu zaidi, na ukubwa wa hifadhidata.

MASWALI

Kijana_wa_Lanet: Haifanyi kazi. Saidia.
— Nini haifanyi kazi?

Kijana_wa_Lanet: Grafu.
— Fungua curl localhost:9187/metrics. pg_up ni 0 (exporter haijaifikia Postgres) au 1 (imeifikia)? Ukija bila jibu hilo sitajibu.

Kijana_wa_Lanet: Ni 0. Lakini nimetumia postgres tu, ile mpimaji niliona ni kazi nyingi.
— Mistari mitatu. Rudi hatua ya 3.

Mama_Seva: Mwalimu, grafu yangu ya xact_commit (miamala iliyokamilika) inapanda tu, haishuki hata usiku duka likiwa limefungwa.
— Hata usiku itapanda polepole, maana exporter yenyewe haiachi kuuliza, na labda kuna kazi za usiku. Hiyo ni kama mita ya boda, inajumlisha tangu mwanzo. Unachotaka ni mwendo: rate(pg_stat_database_xact_commit[5m]).

Mama_Seva: Asante. Swali la pili: MySQL yetu ya zamani ilikuwa inajibu count(*) papo hapo. Kwa nini Postgres ihangaike?
— Swali zuri, dada. Ile ya zamani bila shaka ilikuwa MyISAM, injini ya zamani ya majedwali ya MySQL, iliyoandika idadi ya safu pembeni. Postgres haiwezi, kwa sababu kila muamala unaona picha yake: mimi nimefuta safu ambayo wewe bado unaiona, idadi yangu na yako hazilingani, na zote mbili ni sahihi. Kwa hivyo inapitia jedwali au faharasa yake nzima. InnoDB, injini ya MySQL ya sasa, ina hali hiyo hiyo. Makadirio yakikutosha, soma reltuples (idadi ya safu inayokadiriwa) kwenye pg_class. VACUUM na ANALYZE ndizo huisasisha. Mimi sasa natumia hiyo, na hakuna keshia aliyenipigia.

Fundi_Kakamega: Omera, mtandao ulikatika saa tatu asubuhi hadi saa nane. Grafu za makao makuu zina pengo, na wewe ulisema vipimo vinatumwa.
— Nilisema vinatumwa, sikusema vinasubiri milele. remote_write ikikwama zaidi ya saa 2, vya zamani hupotea njiani. Lakini Prometheus ya tawi bado inavyo, kwa kawaida siku 15. Visome huko huko.

Fundi_Kakamega: Sawa. Na stima ikirudi, tawi moja linakataa kutuma, linalalamikia cheti cha HTTPS.
— Tazama date. Kama ni kompyuta ya kawaida iliyogeuzwa seva, huenda betri ya bodi imekufa na saa imerudi miaka nyuma, kwa hivyo cheti kinaonekana hakijaanza kutumika. chrony (programu ya kulinganisha saa) itaisahihisha saa mtandao ukifika, lakini kabla ya hapo Postgres itakuwa imeandika risiti zenye tarehe za ajabu.

Mama_Seva: Betri gani?
— CR2032, ile bapa kama sarafu. Nilinunua tatu, moja kila tawi. Ya Bondo ingali mfukoni mwa koti.