Namna ya Kupima Mabadiliko ya Bei Anayopokea Mzalishaji: Mwongozo kwa Vikundi vya Kilimanjaro

Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa kila robo mwaka fahirisi ya bei za wazalishaji, yaani namba inayoonyesha bei zimepanda au kushuka kiasi gani tangu mwaka wa kulinganishia, ambayo huangalia zaidi madini, viwanda, umeme na maji. Kikundi cha wafugaji wa Machame au AMCOS (chama cha msingi cha ushirika) ya kahawa huko Kibosho hakijioni humo, na kikitaka kujua kwa hakika kama bei zake zinapanda au zinashuka, hakina budi kutengeneza fahirisi yake chenyewe. Kazi hiyo inahitaji daftari, mzani na kikokotoo tu. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Panapohitaji uangalifu mkubwa ni katika kuamua ni bei ipi iandikwe.

Bei inayotafutwa ni ile inayobaki mkononi mwa mzalishaji pale bidhaa inapotoka kwake. Kodi ya ongezeko la thamani haihesabiwi, kwa sababu mzalishaji huikusanya kwa niaba ya serikali. Mama anayeuza mikungu yake shambani aandike bei ya shambani; anayeibeba mwenyewe hadi soko la Mwika atoe kwanza nauli na ushuru wa soko, la sivyo nauli ikipanda itaonekana kana kwamba ndizi zimepanda. Iandikwe bei iliyolipwa kweli, baada ya punguzo, wala si bei iliyotajwa mwanzoni mwa mapatano.

Kwenye kahawa jambo hili huwa gumu zaidi, maana mkulima hupokea malipo ya awali anapokabidhi mzigo, kisha husubiri kahawa ikobolewe na kuuzwa mnadani Moshi ndipo apate malipo ya pili. Ukiandika malipo ya awali peke yake, utapima uwezo wa chama kukopa fedha za ununuzi, si bei ya kahawa. Jumlisha malipo yote, ondoa makato, gawanya kwa kilo zilizokabidhiwa, na jumla hiyo uihesabu katika kipindi kahawa ilipokabidhiwa, hata kama fedha zilifika miezi mingi baadaye. Hadi hapo, iandike bei hiyo kuwa ni ya muda, kisha uirekebishe. Hakuna aibu katika kurekebisha: hata Marekani, takwimu za namna hii hurekebishwa miezi 4 baada ya kutolewa.

Jambo la pili ni kuhakikisha kwamba kinacholinganishwa ni kitu kile kile. Niliwahi kupitia daftari la kikundi kimoja lililoonyesha kwamba bei ya gunia la vitunguu haikuyumba msimu mzima, ilhali wanunuzi walikuwa wameshaanza kudai lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi. Tuseme gunia la kilo 100 liliuzwa shilingi 100,000, kisha lumbesa ya kilo 120 ikauzwa kwa bei hiyo hiyo: mkulima ametoka shilingi 1,000 kwa kilo hadi takriban 833, hasara ya karibu asilimia 17 ambayo daftari halikuiona. Kwa hiyo pima kwa kilo, na hata mkungu wa ndizi uwekwe mzanini. Kwa kahawa, taja daraja, kwani kuhama kutoka daraja B kwenda AA si kupanda kwa bei.

Huduma nazo hupimika vivyo hivyo, mradi zielezwe kikamilifu. Anayepandisha wageni Mlima Kilimanjaro asiandike tu “safari”. Aandike njia ya Machame, siku 7, wageni 2, chakula na wapagazi vikiwemo. Ada za hifadhi ambazo kampuni inazipokea na kuzipitisha tu ziondolewe kwenye bei, na bei iliyolipwa kwa dola igeuzwe kuwa shilingi kwa kiwango cha siku ya malipo.

Chagua pia siku moja na usiihame. Marekani huuliza kampuni bei ya Jumanne ya wiki yenye tarehe 13. Kwetu siku ya gulio la katikati ya mwezi yatosha.

Sasa hesabu. Chagua mwaka wa kizio, yaani mwaka ambao bei zake zitahesabiwa kuwa 100, na uwe mwaka wa kawaida usio na ukame wala mafuriko. Tafuta kila zao lilichangia kiasi gani katika mapato ya mwaka huo. Mchango huo ndio uzito wake. Kwa mfano, kikundi kilipata nusu ya mapato kutoka kwenye kahawa, asilimia 30 kwenye ndizi na 20 kwenye maziwa. Kilo ya kahawa imetoka shilingi 4,000 hadi 4,600, ya ndizi imeshuka kutoka 500 hadi 450, na lita ya maziwa imepanda kutoka 1,000 hadi 1,100. Ukigawanya bei mpya kwa ya zamani na kuzidisha kwa 100, unapata 115, 90 na 110. Zidisha kila moja kwa uzito wake: 57.5, 27 na 22, jumla 106.5. Bei za kikundi zimepanda kwa asilimia 6.5, ilhali wastani usiozingatia uzito ungesema 5. Njia hii ya uzito wa mwaka wa kizio ilipendekezwa na Mjerumani Étienne Laspeyres mwaka 1871.

Wanachama wakiwa na bei tofauti za zao moja, nashauri mgawanye bei mpya ya kila mmoja kwa ya zamani, kisha mtumie wastani wa kijiometri wa uwiano huo: zidisha uwiano wote, halafu tafuta kipeuo cha pili wakiwa wawili, cha tatu wakiwa watatu, na kuendelea. Bei ya mmoja ikiongezeka mara mbili na ya mwingine ikishuka kwa nusu, wastani wa kawaida wa 200 na 50 hutoa 125, kana kwamba kuna nafuu. Wa kijiometri hutoa 100, na hilo ndilo la haki.

Kama mnunuzi wa maziwa amebadilika na sasa anapokea maziwa yaliyopozwa tu, usiunganishe bei yake moja kwa moja na ya zamani. Andika bei zote mbili kwa mwezi mmoja, kisha fuata mwendo wa ile mpya: ikitoka 1,200 hadi 1,260 imepanda asilimia 5, na fahirisi ya maziwa iliyokuwa 110 inakuwa 115.5.

Miezi ambayo kahawa haiuzwi usiendelee kunakili bei ya mwisho kana kwamba soko lipo. Linganisha msimu na msimu uliotangulia. Na unapotoa taarifa kwenye mkutano, tofautisha pointi na asilimia: fahirisi ikitoka 106.5 hadi 110 imepanda pointi 3.5, lakini ni takriban asilimia 3.3. Uzito uangaliwe upya kila baada ya miaka 5 hivi, au mapema zaidi ikiwa wanachama wengi wameng'oa kahawa na kupanda parachichi.