Somo: Kuikinga mashine ya boti unapojitolea kusafisha mafuta baharini

Tangu gati la kwanza la bandari ya Lamu lifunguliwe kule Kililana, Mei 2021, swali limekuwa likirudi kila tukikutana: siku mafuta yakimwagika ghuba ya Manda, nani atatoka? Jibu mnalo. Watatoka wenye boti wa Lamu, Shela, Matondoni na Faza, maana vifaa vikubwa viko Mombasa na bahari haingoji barabara. Mauritius ilikuwa hivyo hivyo. Meli ya Wakashio ilipanda mwamba tarehe 25 Julai 2020, mafuta yakaanza kuvuja tarehe 6 Agosti, kama tani 1,000, na wananchi wakajaza majani ya miwa kwenye nyavu na vitambaa wakajitengenezea vizuizi vyao wenyewe.

Nia njema haipozi mashine. Ndiyo maana naandika somo hili. Sitafundisha namna ya kukusanya mafuta, hilo lina wenyewe. Nazungumzia mashine tu, hasa hizi za kufunga nyuma za farasi 15 na 40 ambazo wengi wetu tunakula kwazo.

Kwanza shikeni jambo moja. Wengi huogopa mafuta ya baharini yasije yakaingia kwenye tangi. Hilo ni nadra ukifunga kifuniko vizuri. Mashine hufa kwa njia ya maji: inavuta maji ya bahari ili ipoe, na inavuta chochote kilichomo ndani ya maji hayo.

HATUA YA 1: Uliza ni mafuta gani

Usiwashe kabla hujajua. Petroli na mafuta ghafi mabichi hutoa mvuke unaowaka. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hushuka ukajilaza ngamani, na cheche moja ya stata inatosha. Zaidi ya moto, kuna sumu ya kuvuta. Msitoke hadi wenye vipimo vya hewa waseme pametulia, na mkitoka mkae upande upepo unakotokea. Wakati wa kusi mnalikaribia doa kutoka kusini, wakati wa kaskazi kutoka kaskazini. Hili baharia hafundishwi, ila siku ya pirikapirika watu husahau.

Wenye mashine ya ndani ya dizeli wana hatari yao. Mashine ikivuta mvuke huo pamoja na hewa, imepata chakula kingine pembeni. Resi inapanda yenyewe, unakata dizeli na haizimiki. Dawa yake ni kuziba njia ya hewa, kwa ubao au kifuniko cha bati, kamwe si kwa kiganja.

Mafuta mazito ya meli hayana mvuke mwingi kiasi hicho. Hayo kazi yake ni kukaba.

HATUA YA 2: Zungumzeni gharama kabla hamjafungua kamba

Najua hapa nitaonekana mtu wa pesa. Sawa. Mwaka 2010, mafuta yalipofumka Ghuba ya Mexico, BP ilikodi boti za wavuvi kwa mkataba, ule mpango wa Vessels of Opportunity. Aliyekodiwa ana karatasi. Aliyejitolea ana mashine yake na Mungu wake. Kwa hiyo, kupitia BMU, kile kikundi chetu cha wavuvi cha kusimamia ufuo, ombeni maandishi mafupi kutoka kwa anayesimamia kazi: nani anatoa petroli, nani analipa impela (lile gurudumu la mpira linalosukuma maji ya kupoza), nani analipa mashine ikinoki. Kama una bima, muulize wakala kwa maandishi kama inakubali kazi ya aina hii.

Kenya imo katika ule mfuko wa kimataifa wa fidia ya mafuta wa mwaka 1992, na mfuko huo unaweza kulipa gharama za usafishaji zilizo za busara na mali iliyoharibika. Lakini ni kwa mafuta yaliyotoka kwenye meli ya kubeba mafuta. Wakashio ilikuwa meli ya shehena kavu, iliyomwagika ni mafuta ya mashine zake, kwa hiyo mfuko ule haukuhusika. Meli zinazotia nanga Lamu nyingi si za mafuta pia, basi msiweke matumaini yote hapo.

Piga picha mashine kabla ya kutoka. Andika saa ulizofanya kazi, mahali, na petroli uliyotumia. Weka risiti.

HATUA YA 3: Tayarisha mashine

Badilisha impela hata kama ya sasa bado ina nguvu, na ya akiba uende nayo pamoja na gasketi na kile kipini chake. Impela nyingi ni za mpira wa neoprini. Mpira huo ukikaa kwenye mafuta huvimba, mabawa yanalegea, kisha yanajikunja au kumeguka. Vipande vilivyomeguka huenda kuziba njia za juu, na hapo ndipo fundi anapokula pesa zako.

Hakikisha mkojo wa mashine, yale maji yanayoruka nje ikiwaka, unatoka kwa nguvu na king'ora cha joto kinalia. Wapo wanaokata waya wa king'ora kwa sababu ya kelele. Wa namna hiyo abaki nyumbani.

Usifunge wavu mwembamba juu ya matundu ya kuvutia maji. Watu hudhani wanachuja. Wavu wenye matundu madogo ndio unaoziba upesi zaidi.

Mwenye boti ya fibagilasi apake nta pembeni, usawa wa maji, itamrahisishia kuosha. Mwenye mashua ya mbao iliyopakwa shahamu ajue kwamba mafuta mepesi huiyeyusha, na baadaye atahitaji kuipandisha pwani aipake upya na kukagua kalafati, zile nyuzi za kuziba mianya ya mbao.

HATUA YA 4: Mkiwa majini

Sehemu hii isomeni mara mbili.

Matundu ya kuvutia maji yako chini ya uso wa bahari, na mafuta yanaelea. Boti ikisimama au ikienda polepole kwenye maji ya kina, mashine inavuta maji yaliyo safi kiasi. Balaa huanza unapoyachanganya mwenyewe. Ukipiga resi, ukirudi nyuma, ukikata kona kali ukapita juu ya mkondo wako, propela inayakata mafuta vipande vidogo na kuyashusha hadi kwenye matundu. Mafuta mazito yakipigwapigwa na maji huwa mazito zaidi, kama halua ambayo bado haijashika, na huongezeka ukubwa maradufu na zaidi kwa sababu yamebeba maji ndani yake. Yakiingia kwenye pampu hayatoki kirahisi.

Kwa hiyo nenda taratibu, na ukae ukingoni mwa doa. Pakiwa pazito kweli, zima mashine, shika pondo au kasia. Kwenye vijito vya mikoko ndiyo njia pekee yenye akili. Mlango wa Mkanda, kati ya Manda na bara, usiupite maji yakipwa: kina ni kidogo na propela itainua tope na mafuta pamoja. Ngojeni maji yajae.

Kosa ambalo hata mabaharia wazuri watalifanya ni kuinua mashine katikati ya doa. Ukiuinua mguu unapita kwenye utando wa mafuta, ukiushusha unapita tena, na matundu yanarudi chini yakiwa yamepakwa. Ukiwasha, kitu cha kwanza kuvutwa ni hicho. Inua na kushusha kwenye maji safi tu. Kama umeizima mashine ndani ya doa, acha mguu chini, jitoe kwa pondo, kisha ukague.

Ukipewa kazi ya kuvuta kizuizi kinachoelea, mwendo uwe chini ya noti 1, la sivyo mafuta yanapita chini yake na kazi yote ni bure. Lakini mwendo huo na mzigo huo ni adhabu kwa mashine: pampu inazunguka pole, maji ni kidogo, joto linapanda, na kwa mashine za mafuta mchanganyiko (petroli na oili pamoja) plagi zinashika masizi. Pokezaneni. Kamba ya kizuizi iwe na mtu wa kuiangalia, isije ikajifunga kwenye propela. Vile vitambaa vya kunyonya mafuta navyo visiachwe vikielea tezini. Kimoja kikinata kwenye matundu, maji yamekatika.

Sasa dawa ya kutawanya mafuta. Ikipulizwa, utaona uso wa bahari umesafika ukadhani hatari imepita. Mafuta hayajaondoka, yamegawanyika chembechembe na kushuka chini, pale pale mashine inapovutia. Ghuba ya Mexico walitumia galoni za Marekani milioni 1.84 za dawa hizo. Ukisikia eneo limepulizwa, usilipite kwa mashine siku hiyo, hata kama linang'aa.

Mkojo ukipungua au ukitoa mvuke, zima. Usiseme nifike pale kwanza.

HATUA YA 5: Mkirudi

Osheni nje kwanza kwa kitambaa na sabuni ya maji ya vyombo, kisha ndani. Tia mguu kwenye pipa la maji matamu yenye sabuni kidogo, washa kwa resi ya chini hadi mashine ipate moto na thamostati ifunguke, maana ikiwa baridi maji hayafiki juu. Rudia kwa maji matupu. Kisha fungua pampu uangalie impela, hata kama mkojo ni mzuri. Kwangua vipande vya zinki kwa brashi ya waya. Zinki iliyopakwa mafuta hailindi chuma. Angalia oili ya gia boksi: ikiwa nyeupe kama imechanganyika na maji, sili imekwisha.

Maji ya kuoshea yakusanyeni kwenye mapipa, wapewe wanaokusanya taka za mafuta. Msiyamwage mchangani. Chini ya matuta ya Shela ndiko yaliko maji matamu ya mji.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Faza: Asalaam aleikum fundi. Mafuta mazito yakishagandamana ndani, siwezi kutia petroli kidogo kwenye pipa la kuflashi ikayeyusha?

Waaleikum salaam. Hapana, ndugu yangu. Pipa la petroli chini ya mashine inayowaka ni bomu, na petroli itamaliza mpira wa impela na sili kabla haijamaliza lami. Sabuni ikishindwa, fungua hedi ukwangue kwa mkono.

Kutoka Kizingitini: Mashine inakojoa vizuri lakini king'ora kinalia. Kipi kinadanganya?

Usimwite king'ora muongo. Katika mashine nyingi ule mkojo huchepuliwa kabla ya thamostati. Unakuambia pampu inasukuma, haukuambii maji yanazunguka silinda. Zima, ikipoa toa thamostati. Nadhani utaikuta imenata.

Kutoka Matondoni: Fundi, mimi ni mama, boti ni ya marehemu mume wangu na mwanangu ndiye anayeiendesha. Vijana wenzake wakitoka naye atataka kutoka. Nimkataze?

Shikamoo mama. Usimkataze, mpe masharti. Karatasi ya BMU iwe imeandikwa, na boti ifanye kazi ya maji safi: kupeleka watu, chakula na mifuko mitupu hadi ukingoni. Kazi hiyo huhitajika sana na wengi huidharau. Boti ndiyo riziki ya nyumba, wasimamizi wakielezwa hilo wataelewa.

Kutoka Malindi: Yangu ni ya uvuvi, dizeli ya ndani, ina kichungi cha maji ya bahari. Kichungi si kinatosha?

Kinazuia mwani, jelifishi na takataka. Mafuta yaliyopigwapigwa hupita, yakaenda kutanda kwenye mabomba ya kipozeo. Kifungue kila mnapopumzika, na ukiona utando mweusi ujue kipozeo nacho kinataka kuoshwa. Angalia pia mpira wa hosi, ukivimba ubadilishe.

Kutoka Kiunga: Na yale madonge ya lami tunayoyakuta ufuoni hata bila ajali, yana hatari kwa mashine?

Yakiwa magumu, hatari kwa mashine inayotembea ni ndogo. Ila usiiburute boti juu yake jua kali. Lami hulainika, ikashika kwenye matundu ya mguu, na kesho yake unawasha mashine imezibwa. Kabla ya kushusha boti, pitisha kidole kwenye matundu yote mawili.