Unene wa uti wa mshale kwa uwindaji wa kulungu: nunua kwa kuangalia maungio

Wakenya wenzangu hapa Minnesota wanaoanza kuwinda kwa upinde huniuliza swali hilohilo kabla ya msimu kufunguliwa Septemba: mishale minene au myembamba? Kwa anayekaa juu ya dungu msituni na kulungu wa mkia mweupe anapita yadi 15 hadi 25 kutoka mtini, mimi husema nunua uti wa kaboni wa milimita 5.

Soma vizuri boksi kwanza. Milimita zilizoandikwa pale ni za tundu la ndani, si za unene wa nje. Uti wa kawaida una tundu la inchi 0.246, na kwa nje unafika karibu milimita 7.5, yaani unene wa penseli. Ule wa milimita 5 una tundu la inchi 0.204, nje kama 6.9. Wa milimita 4 una tundu la inchi 0.166, nje kama 5.8. Vipimo vya nje hupanda na kushuka kidogo kulingana na ugumu wa uti na kampuni, kwa hiyo omba kalipa (kifaa cha kupimia unene) dukani upime mwenyewe. Mishale minene kupita hiyo waachie wanaoshindania shabaha ukumbini. Wao wanataka mshale uguse mstari wa alama ya juu. Wewe huhitaji hilo.

Sasa tuje kwenye maungio, maana hapa ndipo pesa za watu hupotea. Vyembe vingi vya kuwindia, yaani ncha za chuma zenye makali, hufungwa kwa skrubu ya saizi 8-32, ambayo kipenyo chake ni inchi 0.164. Linganisha na tundu la 0.166. Hakuna nafasi ya kuweka kipande cha alumini kinachopokea hiyo skrubu, kwa hiyo kwenye uti wa milimita 4 kipande hicho hutokeza nje, mbele ya uti. Mshale ukigonga bega la kulungu, nguvu yote hupitia pale, na kipande kikiwa dhaifu hupinda au hupasua mdomo wa uti. Wapo wanaovitumia hivyo salama, lakini hununua vipande vya chuma cha pua au titani, na bei yake unaiona. Kwenye milimita 5, kipande huzama chote ndani ya uti, na shina la chembe nalo hulala ndani ya kaboni yenyewe. Chembe hukaa kimenyooka, na mfupa haupati mahali pa kukivunjia.

Hakikisha kwa macho. Funga chembe, simamisha ncha yake juu ya kipande cha mbao, zungusha mshale kwa vidole viwili kama pia, kisha tazama pale chembe kinapokutana na uti. Pakitikisika, fungua, zungusha kipande, gundisha upya. Mshale unaoyumba pale hauendi ulikoelekezwa, uwe mnene au mwembamba.

Upepo ni sababu ya kweli ya kupenda wembamba, ila iweke mahali pake. Uti wa 5.8 unaupa upepo ubavu mdogo kwa karibu robo kuliko wa 7.5. Ukiwinda kwenye mbuga za wazi za magharibi, ambako watu hulenga swala wa Marekani kwa yadi 50, hilo lina maana. Msituni kwa yadi 20 hutaliona.

Kuhusu kupenya, uti mwembamba kuliko shingo ya chembe husuguana kidogo zaidi na nyama na mbavu. Lakini sheria ya Minnesota inataka chembe chenye upana usiopungua 7/8 ya inchi, kwa hiyo tundu linalokatwa tayari ni pana kuliko uti wowote kati ya hizi. Makali ya chembe yana kazi kubwa kuliko tofauti ya milimita moja. Noa.

Usichague unene kabla ya ugumu. Namba kama 340 au 400 inaeleza uti unavyopinda: ukiegemezwa kwenye nguzo mbili zilizoachana inchi 28 na kuning'inizwa uzito wa gramu 880 katikati, ule wa 340 hushuka inchi 0.340. Namba ndogo, uti mgumu. Upinde wangu unavutwa kwa nguvu ya pauni 60, uti naukata inchi 28, na chembe kina uzito wa greini 125 (kama gramu 8), basi natumia 340. Uti mwembamba huhitaji ukuta mnene ili ufikie ugumu uleule, ndiyo maana mara nyingi huwa mzito zaidi. Kwa kulungu uzito huo ni faida, mradi ulenge upya, kwa sababu mshale utaanguka mapema kidogo.

Ukibadili unene, badili na vitu vinavyoushika. Noki (vibanio vya nyuma vinavyoshika kamba) za uti wa kawaida hazitoshei uti wa milimita 5. Uti mwembamba pia hukaa chini zaidi kwenye egemeo la upinde, pale mshale unapolala, kwa hiyo pandisha egemeo mpaka mshale uwe sawa na alama ya kamba, pale noki inapobanwa, kisha fyatua mshale upite kwenye karatasi iliyotandazwa: tundu likichanika kwenda juu au chini, bado hujamaliza kurekebisha. Na kila baada ya kupiga, pinda uti taratibu karibu na sikio. Ukisikia mlio wa kupasuka, uvunje na uutupe, kwa sababu kaboni yenye ufa ikifyatuliwa inaweza kuvunjika na kuingia mkononi mwako.