Kabla ya kulipia lulu, chungulia tundu lake

Ukishika mkufu wa lulu usianze na mng'ao, anza na tundu la uzi. Chukua kioo cha kukuzia cha mara 10, uangalie ukingo wa tundu hilo. Lulu bandia mara nyingi huonyesha rangi iliyobanduka, na chini yake kioo au plastiki. Lulu ya kufugwa, yaani ile ambayo chaza huitengeneza baada ya kuchochewa na binadamu, ikiwa ilianzia kwenye kishanga alichopandikizwa chaza, huweza kuonyesha mstari mwembamba pale tabaka la lulu linapokutana na kishanga hicho.

Kisha sugua lulu mbili taratibu, moja kwa nyingine. Zikikwaruza kidogo kama mchanga laini, kuna uwezekano mkubwa zimetoka kwa chaza. Zikiteleza kabisa, zitilie shaka. Ila hapa ndipo wengi hukosea: mkwaruzo hautenganishi lulu asilia na ya kufugwa, maana zote mbili hutengenezwa na chaza mwenyewe. Jibu la uhakika hutoka kwenye eksirei ya maabara ya vito, kwa hiyo muuzaji akitaka bei ya lulu asilia, mdai cheti cha maabara kwanza.

Na tafadhali, sindano ya moto, ambayo wengine huitumia kupima lulu, usiisogeze karibu. Huacha kovu hata kwenye lulu halisi.