Mbwa wa Msaada Anapoingia Chumba cha Kusomea Nyaraka

Mbwa anayemwongoza asiyeona yuko kazini, na mwenyewe hawezi kuambiwa amfunge nje. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inamtambulia mwenye ulemavu haki ya kufika mahali na kupata habari. Hati zilizomo ndani ya maboksi yenu, wahifadhi wa nyaraka, ni habari.

Anzeni na askari wa getini, kwani yeye ndiye humrudisha mgeni kabla mkutubi hajajua. Maswali yanayotosha ni mawili, yale yanayoruhusiwa na sheria ya Marekani: mbwa anahitajika kwa sababu ya ulemavu? Amefunzwa kazi gani? Maradhi ya mtu hayaulizwi.

Jambo la kuchunga hasa ni umajimaji. Tone moja la mate likiangukia mswada ulioandikwa kwa wino wa masizi, herufi huchuruzika. Na hapa Mombasa, ambako Waislamu wengi ni wa madhehebu ya Shafii, kwao najisi ya mbwa huhama kwa unyevu; kikavu kikigusa kikavu, hakuna cha kutahirisha. Basi kumweka mbwa mkavu kunalinda karatasi na ibada ya mfanyakazi kwa pamoja. Bakuli la maji likae barazani, mwenyewe amfute mbwa mdomo kabla ya kurudi ndani. Masika, taulo iwepo mlangoni. Karibu na mfereji wekeni kopo la udongo safi: aliyelambwa ataosha mara saba, moja kwa udongo. Asiyetaka kumgusa mbwa asilazimishwe. Na kwa vyovyote, mbwa aliye kazini haguswi na mtu mwingine ila mwenyewe.

Meza iwe ya pembeni, ukutani, na kando ya kiti ibaki nafasi ya kama mita moja kwa moja na nusu. Mkia ukitokeza njiani, toroli itaukanyaga. Sakafu ya vigae inafaa kuliko zulia, humpoza mbwa na nywele hufagilika. Feni isipulize kutoka upande wa mbwa kuelekea mezani. Unywele ukitua kwenye hati, uondoeni kwa brashi laini. Mkipuliza kwa mdomo mtatia mate yenu wenyewe. Maboksi yasiwekwe chini, na misahafu ipewe meza ya juu zaidi. Msomaji mwenye mbwa akishamshika, anawe na kukausha mikono.

Mwonyesheni mapema pa kumpeleka mbwa kujisaidia, penye kivuli na mchanga. Lami ya saa saba mchana huunguza nyayo.